Mbwa Aitwaye Atachoka

Wekulo hakuwa na shamba. Hakuwa na ploti, wala chumba cha kupangisha, wala mlango ambao angeweza kuutia kofuli akasema huu ni wangu. Hakuwa na baba wala mama. Wote wawili walizikwa Bungoma kabla hajaota ndevu. Hakuwa na suti. Alikuwa na koti la marehemu mume wa memsabu wake wa zamani, mtu aliyekuwa mpana, na mabega ya koti hilo yalimwanguka Wekulo hadi karibu na viwiko. Hakuwa na redio, wala baiskeli, wala cheti cha shule ya mchana; cha shule ya jioni alikuwa nacho, nacho kilikaa kimekunjwa mara nne ndani ya Biblia. Hakuwa na mtu wa kumwambia, kaa hapa wewe, mimi nitakwenda kukusemea. Na baada ya miaka minne ya kumpenda Wangoi, binti Gichuru wa Kawangware, subira yenyewe ilikuwa imeanza kumwishia, kama sabuni inavyomwishia mtu mkononi huku karai bado limejaa nguo.

Alichokuwa nacho ni mbwa mmoja mzee. Memsabu wa Lavington, aliyemwajiri miaka saba kutunza mbwa wake, alirudi kwao Uingereza mwezi wa Februari akamwachia mbwa huyo pamoja na barua ya sifa. Mbwa aliitwa Duke. Alikuwa na masikio marefu yanayofagia chini na macho ya mtu aliyefiwa, na hakusikia tena hata ukimpigia sufuria. Katika chumba cha Wekulo kule Laini Saba alilala palepale mlangoni, kila mgeni akawa anamruka kama kizingiti.

Kwa memsabu huyo ndiko Wekulo alikoiona ile desturi. Mara moja kila mwezi, Wazungu wa mitaa ile walileta mbwa wao bustanini. Watu walikunywa chai, mbwa wakanusana, kisha kila mmoja akasimama akataja jina la mbwa wake na tabia zake, na wenzake wakapiga makofi. Wekulo alishika beseni la maji akatazama. Aligundua kwamba mbwa waliokutana hivyo hawakurukiana tena barabarani.

Basi ulipofika mwezi wa Agosti mwaka huo wa sabini na nne, mbwa wa Kawangware wakiwa wameuma watoto wawili na katekista mmoja ndani ya wiki tatu, chifu alitangaza kwamba mbwa atakayeonekana bila kamba atapigwa risasi. Mbwa wa kwanza kutajwa na walalamishi alikuwa wa Gichuru mwenyewe, mzee wa kanisa, mwenye ploti tatu na wapangaji wengi. Wekulo akaomba, kupitia kwa Wangoi, aruhusiwe kukusanya wenye mbwa Jumamosi moja alasiri katika uwanja wa mzee, kila mtu na mbwa wake kwa kamba, chai juu yake yeye Wekulo. Mzee alifikiri siku mbili akakubali. Wekulo hakumwambia mtu, lakini hesabu yake ilikuwa wazi: watu wakimwona anaongoza jambo likaongozeka, Gichuru atamtazama kwa jicho jingine, na safari hii akimwomba binti yake hatakaa kimya kama alivyokaa kimya kwa zile barua nne za posa alizokwisha kumwandikia.

Siku ikafika, na mbingu ilikuwa ya kijivu, baridi ile ya Agosti inayoingia kwenye magoti. Wekulo aliondoka Laini Saba saa saba akiongoza msafara wa mbwa watano na wenyewe. Duke alikwenda mbele, akisimama kupumzika kila baada ya nguzo mbili za umeme, na Wekulo, ambaye wiki nzima alikuwa amebeba mifuko ya saruji katika kibarua chake kipya, alishukuru kimoyomoyo kila mbwa aliposimama. Mchuuzi mmoja wa ndizi alitaka kujua kama hiyo ni harusi, na bibi harusi ni yupi, yule mwenye masikio au yule mwenye upele. Musimbi, muuza mboga wa Sarang'ombe, akamjibu bila kugeuka kwamba bibi harusi alimkataa yeye, ndiyo sababu mpaka leo anauza ndizi. Muia seremala alicheka, kisha akakumbuka kwamba yeye na Musimbi hawasemezani. Vyumba vyao vilitenganishwa na bati moja tu, na tangu Pasaka bati hilo lilikuwa limesikia mengi. Akavuka akaenda kutembea upande wa pili wa barabara.

Walipofika, Wangoi alikuwa barazani akisogeza cherehani yake ukutani ili kupata nafasi ya birika. Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Alishona sare za watoto wa shule, na ncha za vidole vyake zilikuwa na vitone vidogo vya sindano ambavyo Wekulo alivijua kimoja kimoja, ingawa tangu wafahamiane hakuwahi kuushika mkono huo zaidi ya muda wa salamu. Alimsalimu. Wangoi aliitikia na macho yake yakapita juu ya bega la lile koti yakaenda mbali. Wekulo akaona jambo ambalo hakuliona mwezi uliopita: Wangoi alikuwa amekonda, na alimtazama kama mtu anayetazama saa ya ukutani.

Mambo yalianza vizuri. Mbwa kumi na mmoja walifungwa kwenye nguzo za ua, hatua tatu tatu, na beseni la maji likawekwa katikati. Wekulo aliwafungua wawili wawili akawaleta karibu na Duke, na Duke, asiyesikia wala kujali, alilala akawaacha wamnuse kuanzia masikio hadi mkia. Mbwa aliyekuja amesimamisha manyoya alirudi ameyalaza. Mbwa mweusi wa Gichuru, yule aliyemuuma katekista, alimnusa Duke kwa muda mrefu kisha akalala kando yake. Watu wakapeana macho. Obiero, fundi wa viatu, alisema huyu mzee wa Kizungu apelekwe bungeni. Hata Gichuru, aliyeketi kwenye kiti chenye mikono na kofia yake kichwani, alitikisa kichwa kidogo kama mtu aliyekubali hoja moja katika kesi ndefu.

Hapo ndipo Wekulo alipokosea. Alifungua daftari lake, akawaambia wote kwamba sasa kila mmoja atasimama ataje jina la mbwa wake, naye ataliandika ili orodha ipelekwe kwa chifu.

Miaka saba ya kuwaita mbwa wa memsabu Duke na Bella ilikuwa imemsahaulisha jambo ambalo kila mtoto wa mitaa ile analijua. Kwa watu wale mbwa hapewi jina la kumpendeza. Hupewa maneno ambayo mwenye mbwa hawezi kumwambia jirani yake usoni. Jioni mtu husimama mlangoni akamwita mbwa wake kwa sauti, mbwa huja kula, na jirani huwa amesikia. Hakuna aliyetukana, hakuna wa kushtakiwa. Jina hilo ni la kuitwa ukiwa mlangoni kwako. Halisomwi mbele ya waliotajwa, wakiwa wameketi benchi moja na vikombe vya chai mkononi.

Musimbi alisimama wa kwanza. Mbwa wake, alisema akiangalia anga, anaitwa Nimewasikia.

Kicheko kikapita mabenchini. Muia akasimama kabla hajaitwa, akasema wake anaitwa Na Bado.

Sasa watu walicheka hadi chai ikamwagika. Obiero alisema mbwa wake ni Mungu Anaona, na mama mmoja aliyekaa nyuma yake akaacha kucheka ghafla, akavuta mtandio. Wekulo alihisi jasho chini ya koti. Alitaka kufunga daftari, aseme yanatosha, lakini zamu ilikuwa imefika kwa mwenye uwanja, na kumruka mwenye uwanja kungekuwa matusi.

Gichuru alisimama polepole, mnyororo mkononi.

"Huyu wangu mlimjua kama Polisi," alisema. "Mwaka huu nimembadilisha jina. Sasa anaitwa Atachoka."

Hapakuwa na kicheko. Kawangware nzima ilijua habari ya Wekulo na zile barua zake. Obiero, kwa sababu desturi humtaka mtu aulize, aliuliza kwa sauti ya chini, "Unamwambia nani, mzee?"

"Anayeambiwa anajua."

Wekulo aliandika. Mkono wake uliandika jina hilo vizuri sana, kwa herufi za mviringo alizofundishwa shule ya jioni, huku uchovu wa wiki nzima, au labda wa miaka minne, ukimshuka mwilini kama maji ya mvua yanavyoshuka kwenye bati. Hakukasirika. Alitamani tu kuketi. Aliwaza kwamba mzee labda ana haki, kwamba jina hilo si matusi, ni habari tu.

Ndipo Wangoi alipoweka birika chini. Aliinama chini ya meza ya cherehani, akatoa kwenye rundo la vipande vya sare kitoto cha mbwa chenye rangi ya majivu, akakileta kifuani hadi katikati ya uwanja.

"Na huyu hajaandikwa," alisema.

Baba yake akamwambia kwamba huyo bado mdogo, hana jina.

"Analo tangu asubuhi. Anaitwa Nimechoka."

Obiero alimtazama Gichuru, akamtazama Wekulo, akasita. Lakini ni yeye aliyekuwa ameanza kazi hiyo. "Unamwambia nani, Wangoi?"

"Nawaambia wote wawili. Mmoja ameshika mnyororo, mwingine ameshika kalamu."

Akageuka akaenda nyuma ya nyumba. Mkutano haukuweza kuendelea baada ya hapo. Watu walishukuru kwa chai, wakafungua mbwa wao, wakaondoka wakinong'ona. Mbwa waliandamana kwa utulivu, mkia kwa mkia, na hakuna hata mmoja aliyebweka. Musimbi na Muia ndio waliokuwa wakirushiana maneno kutoka pande mbili za barabara, na ilivyosikika walikuwa wamefika kwenye habari za mwaka jana.

Wekulo alimkuta Wangoi kwenye bomba, akiosha vikombe. Alichuchumaa akashika kitambaa, akawa anafuta kila kikombe anachopewa. Kisha Wangoi akamwarifu, kwa sauti ya mtu anayetoa vipimo vya nguo, kwamba shangazi yake wa Nyahururu anafungua duka la kushona na anamtaka. Ataondoka baada ya Jumamosi mbili. Hakusema kama atarudi.

"Ningefanya nini, Wangoi?" Wekulo alisema. "Nimemwandikia baba yako mara nne."

"Umemwandikia." Alisuuza kikombe ambacho kilikwisha kuwa safi. "Baba hasomi barua, Wekulo. Macho yake hayaoni maandishi, na hata yalipoona hakuyajua sana. Unafikiri ni nani humsomea?"

Kitambaa kikasimama mkononi mwa Wekulo.

"Mimi," alisema Wangoi. "Mara nne nimesimama mbele ya baba yangu, mikono nyuma kama mtoto wa shule, nikasoma jinsi nilivyo mwema na mpole, na jinsi mwandishi anavyoomba kwa unyenyekevu mkuu. Nimejiposa mwenyewe, kwa mdomo wangu. Ile ya tatu ilikuwa na kurasa sita. Ulifikiri nilijisikiaje kwenye ukurasa wa tano?"

Wekulo alikipindua kikombe alichokuwa akifuta, akakiweka juu ya vingine.

"Na kila nikimaliza, baba huuliza swali lilelile. Haulizi shamba. Hata kwamba wewe ni wa Bungoma alilisema mwaka wa kwanza tu, akachoka nalo. Huuliza, huyu hana watu? Nami nasema sijui. Kwa sababu hujawahi kuniambia."

"Yuko mmoja," alisema Wekulo. "Baba mdogo. Lusweti. Ndiye aliyenilea."

"Yu hai?"

Alikuwa hai. Nanyama, jirani yake wa Laini Saba, alimwona sokoni mwaka jana. Basi Wekulo akamsimulia, akiangalia maji yanayotiririka kwenye mtaro, jinsi alivyokuwa na miaka ishirini siku ambayo Lusweti aliwaita wazee wamwonyeshe kijana wao kipande chake cha ardhi. Wazee walikaa hadi jua likawa utosini. Kijana hakutokea. Alikuwa ndani ya treni, anakwenda Nairobi kusoma awe mtu, na hakuaga kwa sababu alijua atazuiwa. Baadaye Lusweti alituma neno kwamba asiyeaga asitume salamu. Wekulo alilishika neno hilo kwa miaka kumi na mitatu, akaliita heshima.

"Nilitaka nirudi kwake nikiwa mtu," alisema. "Na kwenu nije nikiwa mtu."

"Na mimi nikungoje nikiwa nani?"

Hapo Wangoi alimtazama usoni. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo. Hapakuwa na hasira machoni pake, na hilo ndilo lililomtisha Wekulo. Hasira ingekuwa na nguvu. Alinyoosha mkono wake wenye maji akarekebisha bega la koti lililomwanguka, akaliweka mahali pake, na likaanguka tena.

"Nenda nyumbani, Wekulo," alisema taratibu. "Mbwa wako amechoka."

Langoni Gichuru alikuwa amesimama na mbwa wake mweusi. Duke alisimama kupumzika, kwa hiyo Wekulo naye hakuwa na budi kusimama. Mzee alisema chai ilikuwa nzuri. Akasema hajawahi kuona mbwa wake akilala kando ya mbwa mwingine. Kisha akawa anaukunja na kuukunjua mnyororo.

"Jina nililompa limekuuma?"

"Ni mbwa wako, mzee."

"Mimi sijawahi kusema sitaki. Uliza yeyote. Lakini wewe waniletea karatasi. Nikiikataa karatasi, karatasi itarudi kesho kunibembeleza? Itakaa na mimi, ikasirike, inywe uji, iniambie mzee, hebu tufikiri tena?" Alitema mate pembeni. "Siku binti yangu akilia huko kwako, nitamwita nani nimuulize? Posta?"

Wekulo aliivuta kamba ya Duke.

"Na usifikiri nimekubali," Gichuru alisema, akamrudisha mbwa ndani.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Baada ya ibada Wekulo aliketi kitandani, ubao juu ya magoti, akaanza kuandika. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na salamu, za jumla kisha za mmoja mmoja, na maneno mazuri kuhusu kupita kwa miaka. Ukurasa wa pili ulieleza elimu aliyoipata. Alipofika wa tatu alikumbuka kitu. Akatoka akamuuliza Nanyama, aliyekuwa akifunga mizigo yake maana kesho asubuhi alikuwa anakwenda Bungoma kuvuna mahindi, kama mzee Lusweti hujisomea barua zake.

Nanyama alicheka. Mzee huyo, alisema, hata Biblia husomewa na Kavetsa, mke wa mwanawe.

Wekulo alirudi ndani. Akazisoma kurasa zile mbili na nusu kwa sauti, polepole, akimwona mama asiyemjua amesimama mbele ya mzee mwenye kinyongo, analazimika kuyatamka hayo yote kwa mdomo wake. Kabla hajamaliza ukurasa wa kwanza alizichana. Alichukua karatasi nyingine, na safari hii kila neno alilitamka kabla ya kuliandika, apate kujua kama mtu mwingine anaweza kulisema bila kuona haya.

*Baba mdogo Lusweti. Ni mimi Wekulo. Siku ile wazee waliponingoja nilikosa, nami nimekosa kila siku tangu hapo kwa kunyamaza. Kuna binti hapa ninayempenda, jina lake Wangoi. Baba yake anauliza watu wangu, nami sina mwingine wa kumwonyesha. Ataondoka baada ya Jumamosi mbili. Naomba uje. Hata ukija kunigombeza, njoo.*

Aliisoma mara moja tu. Ilikuwa barua fupi kuliko zote alizowahi kuandika, na hakuna mwalimu ambaye angempa alama nzuri. Asubuhi ya Jumatatu, Nanyama akiwa tayari amejitwika furushi, Wekulo aliilamba gundi ya bahasha, akaibonyeza kwa kidole gumba kutoka pembe hadi pembe, akaishikilia muda kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Akikataa kuipokea?" Nanyama aliuliza.

"Mwambie kwa mdomo kwamba nimeomba."

"Na jibu nimwambie akuandikie?"

"Asiandike," Wekulo alisema. "Aje."

Nanyama alifunga bahasha kwenye pembe ya leso yake, akakaza fundo kwa meno. Kisha akamruka Duke pale mlangoni, akashika njia ya reli, nayo barua ikaenda.